Nundu

Kifurushi chenyewe hakizidi nusu mkate.
Nimekibeba kwapani tangu lami ilipoishia,
theluji magotini,
mbwa wa akina Fairbanks wananijua, hawabweki tena.
Ndani mna shanga, vioo vidogo kama mbegu za mchicha,
mashada sita, kila shada nyuzi kumi na mbili,
zimetoka Ucheki,
na juu pamebandikwa karatasi ya njano
niliyoisoma mara tatu nikidhani macho yananicheza.

Bi Delphine Auginaush anafungua mlango
sindano midomoni, kama mwingine ashikavyo sigara.
"Kiasi gani?"
Namtajia.
Anaitoa sindano kwanza. Anaichomeka kwenye kola ya sweta.
"Shanga zenyewe nililipa dola hamsini na nane."
Najua. Imeandikwa hapo.
Ushuru, na ada ya kutoza ushuru,
na ada ya yule aliyejaza fomu ya ada:
tisini na moja.

Ng'ombe hashindwi na nunduye.
Lakini huyu ni ndama.

Naijua kazi inayozingoja,
maana miaka kumi na tisa nimesimama kwenye zulia hili
nikisubiri saini.
Mwezi wa sita wasichana watano wanahitimu,
na kofia zao bapa, nyeusi, zisizo na sura,
yeye huzizungushia ukingo wa maua:
tawi, jani, stroberi ya mwituni,
na samawati ya ziwa linapoanza kuvunja barafu.
Bei aliwatajia Novemba.
Mama zao walilipa kidogo kidogo,
mmoja kwa gunia la mchele wa ziwani.
Hapandishi. Alishasema.

"Eti ukuta huu ni wa kumlinda fundi wa hapa,"
ananiambia, wala hajapaza sauti.
"Fundi wa hapa ni mimi.
Nionyeshe kiwanda cha shanga nchi hii
nikanunue kwa miguu.
Bibi ya bibi yangu alizibadilisha kwa manyoya.
Tangu hapo ushanga ni mgeni kwetu.
Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Sasa mgeni anazuiwa mlangoni
na mwenyeji ndiye anayetozwa."

Sina jibu. Mimi ni wa kuleta tu.
Kanuni inampa siku kumi za kulipa.
Nikaandika kumi na tano.
Mwandiko wangu mbaya, nani atajua.

Siku ya kumi na tano nilimkuta mezani,
taa imemwinamia,
na mbele yake pochi ya marehemu mama yake,
ile ya mahameli, iliyokuwa ukutani ndani ya fremu.
Alikuwa akiifumua.
Ushanga kwa ushanga, samawati peke yake,
ndani ya kifuniko cha chupa ya asali.
Sikusema kitu.
"Mkono wake ulikuwa mzito," akasema.
"Ona fundo hili. Halifunguki."
Akacheka kidogo, kisha akalikata.

Nikapiga muhuri: RUDISHA KWA MTUMAJI.

Juni nilisimamisha gari kando ya uwanja wa shule,
barua za watu zikiwa bado nyuma.
Kofia nne zilikuwa sawasawa.
Ya tano, ya binti wa yule wa mchele,
ua lilianza samawati
likafika katikati, likamalizikia jeupe.
Watu walipiga makofi wakidhani ni ubunifu.
Labda ndio.

Fremu ameirudisha ukutani.
Kwenye mahameli yamebaki matundu,
maua yaleyale, kwa matundu tu;
ukikaribia unaweza kuyasoma kwa kidole.

Jana nimempelekea kifurushi kingine, kidogo zaidi.
Aliuliza bei
kabla ya kunisalimu.